Mpangaji Mwepesi: Ofisi Ndani ya Kuta za Matumbawe

Basi la mwendokasi likishateremka Barabara ya Morogoro hukunja kona na kuingia Sokoine Drive, likapita mbele ya jengo ambalo abiria wengi hawainui macho kulitazama. Ni jengo la ghorofa moja, lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Jirani yake imechomoza minara ya vioo ya Dar es Salaam mpya, ukiwemo ule wa Mamlaka ya Bandari wenye ghorofa zaidi ya 30. Hilo dogo ndilo Boma la Kale, nalo limeitangulia minara hiyo kwa karibu karne moja na nusu.

Nilishuka kituo cha Halmashauri ya Jiji, nikavuka barabara nikiwa na swali moja kichwani. Nyumba iliyojengwa kabla ya umeme, kabla ya bomba la maji na kabla ya choo cha kuvuta, inawezaje kubeba ofisi ya leo bila kuumia? Swali hilo lilinivusha bahari hadi Unguja, lakini lazima lianzie hapa.

Sultan Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860, pembeni mwa kijiji cha Mzizima. Boma lilisimamishwa mnamo mwaka 1866 na 1867 ili wapate pa kulala wageni wa kasri lake lililokuwa jirani. Majid hakuufaidi mji wake kwa muda mrefu. Alifariki mwaka 1870, na mdogo wake Barghash, aliyemrithi, akayarudisha macho na fedha zake Unguja. Kasri likaachwa, likabomoka, na leo halipo. Nyumba ya wageni ikabaki.

Kwa nini ibaki yenyewe na kasri lisibaki? Jibu halina mapenzi ya historia ndani yake. Wajerumani walipofungua kituo chao hapa mwaka 1887, kisha wakahamishia makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walihitaji meza na dari la kuwafunika makarani. Nyumba ya wageni ilikuwa bado imesimama, wakaigeuza kuwa jengo la utawala. Waingereza wakairithi, na baada ya uhuru ikaendelea kutumiwa na umma. Ukipiga hesabu utaona kwamba Boma la Kale lilikuwa nyumba ya wageni kwa miaka michache tu, ila limekuwa mahali pa kazi kwa zaidi ya karne nzima. Aliyekaa ndani, hata kama hakulipenda jengo, alilazimika kuziba paa mvua ilipomlowesha majalada.

Ukarabati mkubwa wa karibuni uliwakutanisha Halmashauri ya Jiji, Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, huku Umoja wa Ulaya ukichangia fedha. Mwaka 2017 jengo likafunguliwa likiwa kituo cha urithi wa usanifu majengo, kinachojulikana kwa jina la DARCH. Mgeni anayeingia hupokelewa na maonyesho yanayoeleza jinsi mji ulivyokua tangu siku za Majid.

Nilipopita mlangoni kutoka kwenye jua la barabarani, kitu cha kwanza nilichokigundua ni jinsi joto lilivyobaki nje. Ukuta mnene wa matumbawe na chokaa hupata moto polepole. Mchana unapochemka, upande wa ndani bado una ubaridi wa usiku. Cha pili ni wembamba wa vyumba. Ni virefu kama unavyotaka, lakini upana wake hauzidi hatua chache.

Wembamba huo ndio ufunguo wa habari yote. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti, yaani magogo ya mikoko yanayolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mkoko haukui ukawa mti mnene na mrefu kama mninga, na gogo zuri la kubebea sakafu hutosha kuvuka mita mbili na nusu, tatu kwa shida. Basi mwashi wa Pwani, awe Lamu, Mombasa, Bagamoyo au Unguja, alipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha humwagwa tabaka nene la zege la chokaa, likashindiliwa kwa magongo mpaka likawa sakafu ya wa juu na dari la wa chini.

Mchora ramani wa ofisi za kisasa hapo ndipo anapokuna kichwa. Wateja wake wamezoea ukumbi mmoja mpana, watu 40 wakiwa wamekaa bila kuta kati yao. Katika nyumba ya boriti karibu kila ukuta una mzigo. Ukibomoa mmoja ili kupanua chumba, umeziondolea boriti za pande zote mbili mahali pa kukalia. Njia ya heshima ni kuvikubali vyumba jinsi vilivyo: meza mbili au tatu kila kimoja, dirisha upande mmoja, mlango upande wa pili, na mikutano ya watu wengi ifanyikie kwenye varanda au uwani.

Boti ya kasi ya kwenda Unguja huondoka karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph, mwendo mfupi wa miguu kutoka Boma la Kale. Baada ya saa mbili hivi za bahari, Mji Mkongwe ulianza kujitokeza. Abiria aliyekuwa akisafiri miaka kumi iliyopita alikuwa akiutafuta kwanza mnara wa saa wa Beit al-Ajaib. Sasa jicho hupita hapo bila kupata cha kushika, na huishia kwenye roshani za jengo jingine karibu na lango la bandari.

Jengo hilo ni Dispensari ya Zamani, Barabara ya Mizingani. Roshani zake za mbao zimechongwa kwa utulivu wa ajabu, kuta zake zina mapambo ya lipu ya chokaa, na vioo vya rangi humwaga nuru nyekundu na ya buluu kwenye sakafu. Aliyelianzisha ni Sir Tharia Topan, tajiri Mwismaili mwenye asili ya India aliyekuwa pia msimamizi wa ushuru wa forodha wa Sultan. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria, na nia ilikuwa kujenga hospitali ya maskini. Topan alifariki mwaka 1891 kabla kazi haijaisha. Mjane wake akaiendeleza, na mwaka 1894 jengo likakamilika.

Hospitali kamili haikupata kuwa. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa na wakfu wa mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nur Mohamed, na ndipo chini pakawekwa duka la dawa na juu pakakaa daktari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa mikononi mwa serikali, na katika miaka ya 1970 na 1980 likachakaa kupita kiasi.

Halikuwa peke yake. Mji Mkongwe mzima ulikuwa unaporomoka. Nyumba nyingi zilikuwa zimebadilisha wenyewe, kodi za nyumba zilikuwa ndogo mno kumudu hata debe la chokaa, na familia kadhaa zilishiriki jengo lililojengwa kwa ajili ya familia moja. Mwaka 1985 serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Majengo yalipohesabiwa mwaka 1992 yalipatikana takriban 1,700, na robo tatu hivi yalikuwa katika hali mbaya. UNESCO iliuingiza mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, yaani baada ya hatari kubwa kuwa imekwisha kuonekana.

Dispensari ya Zamani ilikodishwa kwa Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kazi ikamalizika katikati ya muongo huo. Mafundi wa hapa Unguja walifunzwa upya kazi ambazo baba zao walizijua: kuzima chokaa, kupiga lipu ya nakshi, kuunga mbao za roshani bila kuzitupa zile nzima. Jengo likafunguliwa tena likiwa na ofisi, maduka na nafasi za shughuli za utamaduni. Nilipanda ngazi zake nikishika ukingo wa mbao uliolainishwa na viganja vya zaidi ya karne. Nilichokitafuta zaidi ya nakshi ni mabomba, na hapo ndipo mtu mmoja aliponisaidia kuona.

Alikuwa fundi mwashi mzee niliyemkuta kwenye kichochoro cha nyuma, akisimamia vijana wawili waliokuwa wakibandua saruji kwenye ukuta wa nyumba ya mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku, vumbi hilo litakuharibia nguo."

Nilimuuliza kwa nini saruji inabanduliwa ilhali ilionekana ngumu na nzima. Akachukua kipande kilichoanguka, akakigeuza. Upande wa ndani ulikuwa umelowa.

"Jiwe hili lina chumvi, na linakunywa maji ya ardhini," alisema. "Chokaa huyaachia maji yatoke. Ukilivisha saruji ni sawa na kumvisha mtu nailoni wakati wa kaskazi. Jasho litatokea wapi?"

Alichokisema mzee ndicho wanachokisema wahandisi wa majengo ya kale kwa maneno marefu zaidi. Unyevu hupanda kutoka ardhini kupitia matumbawe, ukibeba chumvi. Lipu ya chokaa ina vitundu, kwa hiyo maji hukauka kupitia humo, na chumvi ikiharibu kitu, huharibu lipu ambayo ni rahisi kuipiga upya. Saruji hufunga njia. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, yakafika zilipokaa ncha za boriti ndani ya ukuta, na ncha hizo ndizo huoza kwanza. Mwenye nyumba haoni kitu mpaka siku sakafu inapolala upande mmoja. Mengi ya majengo yaliyoanguka Mji Mkongwe yalikufa kwa maji: ya paa, ya ardhini, au ya bomba.

Nikamwambia kwamba nyumba nyingi ninazoziona zikifufuliwa zinakuwa hoteli. Akacheka kidogo. Hoteli ya vyumba 20, alisema, ni bafu 20. Kila bafu ni bomba la kuleta maji, bomba la kutoa maji taka, na sakafu inayolowa kila asubuhi juu ya dari la boriti. Kiungo kimoja kikivuja taratibu ndani ya ukuta, mgeni hajui, mhudumu hajui, na boriti haina mdomo.

Maneno hayo yaliigeuza safari yangu. Nilikuja nikidhani ofisi za kisasa ni mzigo ambao jengo la kale linavumilia ili lipate kodi. Niliondoka pale nikiamini kwamba kwa nyumba ya boriti na matumbawe, ofisi ni miongoni mwa wapangaji wepesi kuliko wote. Ofisi ya watu 30 inatosheka na vyoo viwili au vitatu kila ghorofa, navyo vyaweza kupangwa kimoja juu ya kingine kwenye pembe moja ya jengo, mabomba yakapita mahali pamoja panapoonekana na kufikika. Haina jiko la kuchemka mchana kutwa. Haihitaji kuta zivunjwe ili kila chumba kipate bafu lake.

Tena ofisi ya leo ni nyepesi kuliko ya zamani. Karani wa kikoloni aliishi na karatasi. Mita moja ya rafu iliyojaa majalada inaweza kuzidi kilo 30, na kabati la chuma la rafu nyingi likisimama katikati ya chumba huzilemea boriti mahali zinapopinda kirahisi zaidi. Ofisi ya sasa ina kompyuta za mkononi na kumbukumbu zilizohifadhiwa kwenye seva iliyo mbali. Karatasi zilizobaki zaweza kushushwa chini, kwenye sakafu iliyokaa juu ya ardhi.

Si kwamba haina madhara yake. Kiyoyozi ndicho cha kwanza. Mashine yake ya nje ikitundikwa kwenye ukuta wa chokaa hudondosha maji mahali pamoja miezi nenda miezi rudi, na baada ya muda utaona mstari wa kijani ukishuka, halafu lipu ikitoka vipande. Maji hayo yanahitaji mpira wa kuyapeleka mpaka kwenye mfereji, na mashine yenyewe inafaa ikae uwani badala ya kutundikwa usoni mwa jengo. Waya za umeme nazo hazifai kuchimbiwa ukutani kama kwenye nyumba ya matofali, maana kila mfereji unaochimbwa hulegeza mawe yaliyoshikwa na chokaa laini. Huwekwa ndani ya mabomba membamba yanayotembea juu ya lipu au pembeni mwa dari. Intaneti isiyo na waya ingeonekana kuwa jibu la yote, isipokuwa ukuta wa matumbawe wenye unene wa nusu mita humeza mawimbi, na kifaa kimoja hakitoshi nyumba nzima.

Kutoka Dispensari ya Zamani, Mizingani humfikisha mtu kwenye Mtini, mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, kisha kwenye jengo la Forodha ya Zamani. Kwa miaka mingi ghorofani mwake palitoka sauti za kanuni, udi na fidla za wanafunzi wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002. Hapo nilipata pingamizi la haki dhidi ya ofisi. Ofisi hufunga saa kumi na moja. Mtaa wenye ofisi tupu huwa kiza jioni, baraza zikabaki bila watu na vibanda vikakosa wateja. Chuo cha muziki hufanya kinyume chake. Dispensari ya Zamani ilijaribu kulijibu hilo kwa kuchanganya, maduka na shughuli za umma chini, ofisi juu, na mpangilio huo unalingana na desturi ya Mji Mkongwe wenyewe, ambako tangu zamani duka lilikaa chini na wenye nyumba wakaishi juu.

Mbele zaidi ni Beit al-Ajaib, au pale ilipokuwa sehemu yake kubwa. Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe za dola yake. Ilikuwa nyumba ya kwanza Unguja kuwa na umeme, na hata lifti ilikuwemo. Nguzo zake za chuma ziliinua varanda pana kila upande, na vyumba vyake vikubwa havikufuata kipimo cha boriti. Zege na chuma vilimpa Sultan kumbi ambazo mikoko isingempa. Ilipona kwenye mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyodumu chini ya saa moja, na kuanzia mwaka 1911 ikawa ofisi za serikali ya kikoloni. Makarani walikaa humo hadi zama za Mapinduzi. Baadaye ikawa chuo cha siasa cha chama, kisha makumbusho.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka na milango ikafungwa kwa umma. Mipango ya ukarabati kwa msaada wa Oman ikaanza. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiwa inaendelea, upande mzima wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka. Watu wawili walipoteza maisha.

Nilisimama mbele ya uzio wa mabati nikihesabu kazi ambazo nyumba hiyo imefanya: ikulu ya sherehe, sekretarieti, chuo, makumbusho. Katika miaka yake ya ofisi, kulikuwa na mtu kwenye kila chumba wa kulalamika tone la maji lilipomwangukia mezani. Jengo lililofungwa halina mlalamikaji. Chuma kilichoshika kutu ndani ya zege huvimba na kulipasua kimyakimya, na katika hewa ya chumvi ya Forodhani kutu haisubiri bajeti.

Jioni nilirudi kwa yule fundi kumuaga. Vijana wake walikuwa wamemaliza kubandua, na ukuta ulikuwa wazi, mawe yakionekana na matundu yake ya baharini. Nilitarajia kuona lipu mpya ikianza kesho yake. Akatikisa kichwa. Ukuta utaachwa ukauke kwanza, wiki kadhaa, mpaka mkono usihisi unyevu. Na chokaa yake ilikuwa tayari, imelala shimoni tangu mwaka uliopita.

Alinionyesha shimo lenyewe uwani, limefunikwa kwa magunia. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya lundo la magogo na kuchomwa usiku na mchana, kisha hunyunyiziwa maji yakachemka na kuvunjika kuwa unga mweupe. Unga huo hulowekwa. Wiki chache hazitoshi, maana chembe zisizozimika vizuri zitafura ndani ya lipu na kuitoboa. Miezi sita ni sawa, mwaka ni bora. Ikishapigwa ukutani, hukauka kwa kunywa hewa taratibu, na mwenye haraka ataipata imepasuka.

Ndiyo maana mikataba ya ukarabati huwatia mafundi kama yeye mashakani. Fedha hutoka na tarehe ya mwisho, mkandarasi hupewa miezi michache, na kitu pekee kinachoganda ndani ya miezi hiyo ni saruji. Boriti nazo hazipatikani kama zamani, kwa kuwa misitu ya mikoko inalindwa na ukataji wake unahitaji kibali. Mafundi wengine hutumia mbao ngumu zilizotiwa dawa ya mchwa, zikakatwa kwa upana uleule wa vyumba.

Nilimuuliza angependa nini kifanyike Beit al-Ajaib itakapojengwa upya, iwe makumbusho, ofisi, au vyote viwili. Hilo, alisema, waliamue wenye mamlaka, ila waliamue kabla ramani ya vyoo haijachorwa. Yeye alikuwa na ombi moja tu kwa yeyote atakayepewa kazi ile: asisubiri kusaini mkataba, aanze kuchimba shimo la chokaa sasa hivi.